Jezi Mbichi

Jezi kumi na nane, soksi jozi kumi na nane,
ya namba sita imetoboka kisigino.
Nazijua kwa harufu. Ya Okwemba inanuka dawa ya misuli,
ya Shikanga golikipa, tope la kila uwanja aliolalia ubavu,
ya Likhuvi bado haina jasho la mtu mzima:
miaka kumi na tisa, mbio za swara,
na deni la unga dukani, kurasa mbili.

Mwezi wa kwanza walituambia hundi iko njiani.
Mwezi wa pili, hundi imefika Kakamega.
Mwezi wa tatu, mwenye kutia sahihi amesafiri.
Mwezi wa nne tukalipwa sukari.

Sifanyi mzaha. Lori la kiwanda lilirudi kinyumenyume hadi langoni,
kila mchezaji gunia la kilo hamsini,
mimi mfua jezi, nusu gunia,
tukatia vidole gumba kwenye wino.
Wiki ile sukari ilishuka bei soko zima la Butere,
maana beki wa kati, kiungo na mawinga wote wawili
walikuwa wameketi chini wanapima kwa kikombe.
Shikanga alibeba gunia lake hadi kwa mwalimu mkuu:
"Mrudishe binti yangu kidato cha pili."
Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.
"Watoto hawasomi kwa chai, golikipa."

Mwezi wa saba, Alhamisi, hakukuwa na mazoezi.
Walikaa chini ya jukwaa, mvua ikipiga mabati,
Okwemba nahodha akafungua daftari la shule
akasoma jina na kiasi, jina na kiasi, polepole,
kama anayesoma michango matangani.
Likhuvi akauliza, "Tukigoma, watanitoa chumbani?"
Hakuna aliyemjibu.
Shikanga akavua glavu, akaziweka katikati ya sakafu,
mikono miwili isiyo na mtu, viganja juu.
Vinaomba au vinakataa, mimi sikuweza kujua.

Jumamosi jioni Mwenyekiti akafika kwangu mwenyewe,
viatu vyake vikichagua pa kukanyaga.
"Mama Anjeche, vijana wa akademia wako tayari.
Kesho tunacheza. Wewe nipe jezi tu."
Akatoa noti ya elfu, mpya, haijawahi kukunjwa.

Jezi zilikuwa kavu tangu adhuhuri,
namba juu ya namba ndani ya begi,
na begi limekaa kitini nyuma yangu kama mgeni.
Elfu moja. Nilipiga hesabu, sitadanganya.
Mafuta, sabuni, nauli ya kwenda kliniki.
Halafu nikaona zile glavu sakafuni.

"Ngoja," nikamwambia, nikafungua zipu.
Nikazitumbukiza karaini, moja baada ya nyingine,
ya Okwemba, ya Likhuvi, ile ya kipa ya manjano,
nikazikandamiza kwa viwiko,
maji yakapanda, yakamwagikia viatu vyake.

"Ni mbichi," nikasema. "Hazijakauka."

Alitazama karai muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama mechi.
Noti akairudisha mfukoni, bado haijakunjwa.

Jumapili refa alipuliza kipenga kwa timu moja.
Tukafungwa mbili bila, na hakuna aliyefunga.
Watu wa kwenye nyasi walitutukana,
shemeji yangu naye akitaka arudishiwe mia yake ya kiingilio.

Mshahara? Bado. Huu ni mwezi wa nane.
Wanasema kuna barua.
Likhuvi walimtoa chumbani kweli; analala jikoni kwangu,
miguu imevuka mlango,
alfajiri ananisaidia kuteka maji.
Jezi ziko kwenye kamba.
Kila zikikaribia kukauka
nazirudisha karaini.