Kumbukumbu za Kikao cha Ndoo

Mimi ni karani. Silipwi kuwa na maoni.
Niliandika: kikao kilifunguliwa saa moja na dakika kumi usiku,
madiwani kumi na wawili, wananchi kupita idadi ya viti,
nje mvua, ndani miavuli ikichuruzika sakafuni.

Ajenda ilikuwa moja: nguzo.
Nguzo za chuma mbele ya kila mlango wa Urdazpe,
kila nguzo na ndoano, kila ndoano na ndoo ya kahawia,
kila ndoo na nambari.
Jumatatu maganda. Jumanne plastiki. Jumatano maganda tena.
Alhamisi zile taka zisizo na jina, zisizooza wala kufaa kitu.
Ukikosea siku, ndoo yako hubaki inaning'inia
na utepe mwekundu shingoni,
mtaa mzima ukisoma.

Diwani Eneritz alikuja na mboji ndani ya chupa ya jamu.
"Nuseni," akasema. "Nuseni basi!"
Ikapita mkono kwa mkono.
Ilinukia kama msitu uliokwisha kunyeshewa. Sikuandika,
maana harufu haina kifungu katika kanuni zetu.
"Wenzetu wanataka tanuri," akasema,
"wachome maganda ya tufaha, moshi tuule sisi."

Bittor wa duka la viatu akainuka, kofia mkononi.
"Ndoo yenye nambari ni jasusi.
Jirani anajua nimekula nini, nimemaliza chupa ngapi.
Na mama yangu ana miaka themanini na minane,
ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Nani atamshushia ndoo? Wewe, Eneritz?"
Niliandika: (makofi).

Sauti ikatoka nyuma, ya Xanti, dereva wa lori la maziwa:
"Bittor, kila Jumamosi usiku unapeleka mifuko mitatu Olatzu,
unaitupa kwenye mapipa ya wenyewe. Nimekuona."
"Na wewe ulikuwa Olatzu unafanya nini?"
"Nilikuwa natupa yangu."
Kunya anye kuku; akinya bata, kaharisha.
Niliandika: mwananchi mmoja alitoa taarifa.

Baada ya hapo ndoo ilisahauliwa.
Walianza kwa Kihispania, wakaghadhibika kwa Kibaski:
baba ya nani alisaini nini mwaka wa mgomo wa kiwanda cha karatasi,
nani alinunua shamba la nani kwa bei ya kutupa,
nani hakuja mazikoni.
Mavi ya kale hayanuki, husema watu
ambao hawajawahi kukaa kikaoni Urdazpe.

Ndipo Maddalen muuza samaki akapita katikati ya viti,
hakuomba nafasi,
akaiweka ndoo yake juu ya meza ya Meya, akafunua.
Vichwa vya samaki. Siku ya nne, utepe bado umefungwa.
"Pigeni kura," akasema.

Sita kwa sita.
Macho yote kwa Meya. Meya akatazama dari,
akameza mate, akauliza kama kuna anayepinga
dirisha kufunguliwa.
Hakuna aliyepinga.
Niliandika: azimio lilipita kwa kauli moja.

Saa sita kasoro nilirudi kwa miguu.
Mbele ya mlango wa mama yake Bittor
ndoo 212 ilikuwa inaning'inia, utepe shingoni.
Alikosea siku. Mtu alimshushia, au alishuka mwenyewe,
ngazi moja, pumzi, ngazi moja.
Nilifunua. Ndiyo, nilifunua.
Ganda moja la yai. Majani ya chai. Nusu ya mkate.
Jumatano iliyopita pia ilikuwa nusu ya mkate.

Bittor ana haki: ndoo ni jasusi.
Nilifungua ule utepe, nikautia mfukoni ukiwa umelowa,
nikarudi nyuma hatua mbili kutazama ghorofa ya nne.
Taa ilikuwa inawaka.
Nikabonyeza kengele.
Hilo halimo kwenye kumbukumbu.