Darasa Juu ya Duka la Matairi

Jumamosi, Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Wanafunzi sita, birika moja, chai ya maziwa na chumvi,
na mimi mwalimu, binti wa ghorofa ya nne,
niliyemjua kondoo kwa sura ya supu.

Nikaandika ubaoni: DHAMBI.
Nikasema, kama nilivyofundishwa, ni mshale kukosa shabaha.
Mzee Purevdorj akavua kofia ya manyoya,
akaiweka gotini kama paka.
"Binti, nimepiga upinde miaka ishirini.
Mishale iliyokosa hainikoseshi usingizi.
Ule unaoniamsha niliulenga,
nikavuta pumzi, nikauachia,
ukampata ndugu yangu pale pale nilipotaka."
Nikafuta nusu ya ubao.
Chaki ikanibaki mkononi kama jino lililong'oka.

Tukaja kwenye TOBA. Nikasema: kugeuka.
"Juu ya barafu," akasema, "farasi hageuzwi ukiwa umempanda.
Unashuka kwanza.
Unamshika hatamu, mnatembea wote wawili,
na wanaotazama wanacheka."
Oyungerel wa kiwanda cha saruji
akayaandika hayo daftarini, yangu akayaacha.

NEEMA ilituchukua majuma mawili.
Aliuliza riba yake ni asilimia ngapi.
Aliuliza kama benki inaijua.
Nikasema ni bure; akatikisa kichwa,
cha bure, alisema, mkia wake umefichwa chini ya meza.
Kisha akanyamaza, birika likachemka peke yake,
akasimulia mwaka wa dzudi,
baridi ile iuayo mifugo ikiwa imesimama:
kondoo mia tatu na kumi, wakabaki kumi na mmoja.
Akaja Dolgorsuren na mkokoteni wa majani makavu,
Dolgorsuren ambaye kiangazi kile kile
yeye mzee alimnyima maji ya kisima.
Mama yule hakusema neno. Akashusha, akaondoka.
"Sikumshukuru. Niliona haya hadi nikakasirika.
Je, ndiyo hiyo?"
Nikasema, nadhani ndiyo hiyo.
"Basi inauma," akasema. "Ungetuambia mapema."

UTATU niliuharibu.
Nilianza na barafu, maji, mvuke,
nikaiona barafu ya dirishani ikinicheka, nikaacha.
Baba, Mwana, Roho: Mungu mmoja, wala si mpweke.
Zaidi ya hapo, nikawaambia,
mimi pia nimekaa mlangoni.

Siku niliyotamka MWANAKONDOO WA MUNGU
wote wakageuka kumtazama yeye.
"Umewahi kumshika aliyezaliwa usiku?"
Sijawahi.
Akaeleza: yuko kondoo jike amkataaye mwanawe,
humpiga teke, humpa mgongo,
na mchungaji huketi thelujini akimwimbia
neno moja lisilo na maana, toig, toig, toig,
saa moja, saa tatu, koo likakauka,
mpaka mama yule alegee, anuse,
amwachie mtoto anyonye.
"Nilidhani," akasema polepole, "Mungu ndiye yule anayeimba.
Leo wewe wasema ndiye anayepigwa teke."
Ubao wangu haukuwa na nafasi ya jibu hilo.
Nikasema: yote mawili, mzee.
Habari njema nyingine hatuna.

Ubatizo ni mwezi wa tano, mto Kharaa ukifunguka.
Oyungerel anaomba beseni na maji ya uvuguvugu.
Mzee hajasema kitu.
Jana nilikuwa nakusanya vikombe, wenzake wameshashuka,
pikipiki yake inakohoa uani, haiwaki,
akarudi juu, theluji mabegani.
"Na lile la mwisho? Lile mnalosema wote pamoja?"
Amina, nikamwambia. Na iwe hivyo.
Ni kama kutia kidole kwenye wino, ukagonga karatasi.
Akakitazama kidole chake, kimepasuka kwa baridi.
"Hilo," akasema, "usiniharakishe."
Akavaa kofia, akashuka kuisukuma pikipiki.