Daftari la Machela

Tibenderana aliandika kila shilingi
ya chama chetu cha machela, hapa Rubanda:
nani kalipa, nani anadaiwa,
nani tulimbeba kwa mkopo hadi hospitali.

Leo zamu yake.
Mabega sita, utelezi,
ukungu haujainuka bondeni.
Tunapumzika kwenye kona ya mtama
na mjane wake, Kyarisiima, ananinong'oneza:
"Wewe umeachiwa daftari. Huko aendako,
amelipiwa?"

Nikafunua. Ukurasa wa mwisho,
mwandiko unatetemeka:
*Uzima wa milele.*
Safu ya deni, tupu.
Safu ya malipo, tupu,
yeye aliyetutoza hata senti ya kamba!
Pembeni, kwa penseli,
neno moja:
*nimepewa.*

Tukamwinua tena.
Mzito vilevile.
Ila mlima wote ule
hakuna aliyeomba kupokewa.