Jibu kwa Mkaguzi

Bwana Mkaguzi wa Ambrolauri,
umeniuliza kwa wino mwekundu
kwa nini mpaka theluji ya pili
darasa la kwanza bado liko kwenye kutoa.

Nina watoto sita na jiko moja la kuni. Nitajibu.

Jumatatu nilileta jozi, zile za mti wa nyuma ya shule;
maganda yake yamenitia weusi vidoleni tangu Oktoba.
Nikapanga tisa mezani, nikasema: toa nne.
Zaza akazitoa. Akazipasua kwa kisigino cha kiatu,
akala mbili, mbili akampa Nutsa,
akasema, mdomo umejaa: "Tano, mwalimu."
Kutoa ni moyo, husemwa. Kwa Zaza ni tumbo pia.
Nikamwekea alama ya sahihi.
Jumanne jozi hazikutosha,
tukahamia kwenye maharagwe,
ambayo hayaliki mabichi.

Vakho hutaka kujua yanakwenda wapi.
Nikiandika saba toa tatu
huchungulia nyuma ya ubao.
Nikimwambia, "Hayapo tena,"
hunitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kwa maneno.
"Hayawezi kuwa hayapo. Yako mfukoni mwako."
Na kweli yalikuwa mfukoni mwangu.

Sasa Gvantsa, ambaye wewe mwenyewe
ulimpa sifuri ulipotutembelea.
Swali lako lilikuwa: nyumbani mko watano,
mmoja akiondoka, mnabaki wangapi?
Watano, akajibu.
Ukarudia polepole, kama unayesema na kiziwi.
Watano, akasema, akaanza kuwataja kwa vidole:
bibi, baba, Temo, mimi,
na mama, yuko Bari anamwogesha mzee wa watu.
Jumapili anaingia kwenye simu,
tunaiegemeza kwenye chupa ya siki,
anauliza nani hajala.

Ulifunga daftari lako ukaenda zako,
gari lako likanasa darajani, wakakusukuma
baba yake Gvantsa na kaka yake Temo.
Huenda hukuwajua.

Mtoto huyo, bwana, kwenye maharagwe hakosei.
Kumi na mbili toa tano: hufumba macho, husema saba.
Ni watu ndio hajui kuwatoa.

Nami nimfundishe vipi?
Mwaka nilioanza, rejista ilikuwa na majina thelathini na moja.
Hesabu hiyo huifanya usiku, kichwani,
toa waliohamia Kutaisi, toa wa Tbilisi,
toa mapacha wa Tsiala, ambao sasa
wanaota kwa Kipolandi,
na asubuhi bado naita jina
la mtu ambaye dawati lake tulilipasua kuni.

Wiki hii tumefika kwenye kukopa.
Tumefunga vijiti vya mzabibu, kumi kumi, kwa uzi wa sufu.
Vitita vitatu na kijiti kimoja pembeni.
Nikasema, bila kufikiri sana: toa ishirini na tano.
Kijiti kimoja hakitoi vitano,
basi wakabisha hodi kwa jirani, kwa makumi,
Nutsa akafungua fundo kwa meno,
vijiti vikamwagika sakafuni, tukatambaa sote,
mimi na goti langu bovu.

"Sita," akasema Zaza.
Akatazama huku na huku. "Kama sisi."

Vakho alikuwa bado chini ya meza.
"Na hivi ishirini na tano," akauliza,
"tunaviweka wapi?"

Gvantsa akavipokea. Akavifunga tena kwa uzi,
akaviweka dirishani, karibu na jiko,
mahali ambapo havitapata baridi.

Ndiyo sababu tumechelewa.
Tafadhali tuma chaki,
na usitume swali lile tena.