Mfuko wa Kumi na Saba

Mfuko wa kumi na saba ndio ulionikamata,
ngazi ya tatu, nyumba ya Mzungu pale Mkomani,
saruji begani, mguu mmoja hewani,
mgongo ukasema: basi.
Si maumivu. Maumivu tumekula nayo sahani moja.
Hili lilikuwa komeo, na aliyelitia yuko ndani.

Chini kichochoroni punda wangu Kombora
alilia mara moja, kisha akaendelea na boksi lake.

Waliniteremsha juu ya mlango,
mlango mpya, bado haujachongwa ua hata moja.
Nikapitishwa Usita wa Mui nimelala chali,
watu wakiniuliza hali,
nami kwa kila mtu: salama, salama.

Zeituni, mke wangu, ndiye aliyenipeleka kwa Kirti,
mjukuu wa yule Mhindi aliyekuwa akipima marikani kwa dhiraa.
Darini kwake, chini ya makuti, mikeka sita.
Nikaganda mlangoni. Nikasema: Mimi Muislamu.
Akasema: Najua, Famau. Na mapafu yako
yamekula kiapo gani cha kutojaa?

Pumua.
Nikapumua.
Hapo umekoroma. Pumua.

Miaka arubaini na sita, kumbe
hewa yangu ilikuwa ikiishia kooni
kama mdaiwa anayegeuka njia kabla ya kufika dukani.
Nne ndani. Nne ikae. Sita nje.
Hesabu naiweza: mifuko, safari, deni la pumba.
Lakini sijawahi kuhesabu kitu
nisichokipeleka mahali.

Siku nyingine akasema mwili ni ukumbi tu,
ukitaka kuingia ndani kuna masharti:
usidhuru, usiseme uongo, cha mtu mwachie, ridhika.
Nikacheka. Haya si ya chuoni,
tuliyochapiwa bakora mpaka yakaingia?
Ndiyo hayo, akasema. Sasa yakariri kwa goti.

Nikatoka. Kombora kaziba njia kama kawaida yake.
Nikainua fimbo ya mkwaju,
na pumzi, bila kuitwa, ikaja: moja, mbili, tatu,
nne,
mkono ukabaki juu.
Nikamwona.
Alikuwa amekwisha fumba jicho.

Nisiseme uongo: fimbo sikuiacha siku ile.
Niliiacha baada ya Maulidi,
na hata leo ananikagua kama karani wa mahakama.
Sasa tunabeba mifuko mitatu, si minne.
Tajiri ananuna, Zeituni anahesabu sarafu mara mbili.
Hilo la kuridhika, Kirti,
bado halijanikaa.

Na mwisho, kila Jumatano: Laleni kama maiti.
Wageni hulala vizuri sana,
kama watu wasiowahi kuosha maiti.
Mimi nimemwosha baba yangu.
Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, shika ya jiwe la matumbawe,
tukavifungua kimoja kimoja
kwa maji ya karafuu maiti.
Pale mkekani nikajiuliza, huyu mzee
aliwahi lini kufungua mkono mwenyewe?
Nikafungua wangu.
Machozi yaliniingia masikioni, baridi, yanatekenya.
Kirti akapita kwa nyayo tupu. Hakusema kitu.

Adhuhuri ile, katika sijida,
mgongo ulishuka pingili kwa pingili
kama mtu ateremkaye ngazi bila mzigo,
na sikuwa na haraka ya kuinuka.

Nje, Kombora alikuwa amekula nusu ya mkeka wa jirani.
Nililipa mia tatu.
Nne ndani. Nne ikae.