Viti vya Kuazima

Viti mia tuliazima kanisani,
na ishirini vya plastiki kwa Ndue mwenye baa,
aliyetaka dhamana ya leke elfu tano
na ahadi kwamba hatutauza bia.

Mpango wote ulikuwa karatasi moja
iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa Vjollca.
Upande huu: nani anazungumza, saa ngapi, chumba kipi.
Upande wa pili: nani hali nyama,
nani apokewe stesheni, nani anaogopa mbwa.

Miezi saba tuliandika barua.
Kampuni ya simu ikajibu: tutawafikiria.
Benki ikatuma kalamu mia mbili zisizoandika.
Manispaa ikatupa jumba la mazoezi la shule,
ufunguo mmoja, na mlinzi mmoja, Pashko,
ambaye kila asubuhi alituuliza upya
ni dini gani hii tunayoihubiri.

Si dini, nikamwambia. Ni programu huria.
Mtu anaiandika, kisha anaiacha
kama sufuria isiyofunikwa:
onja, ongeza chumvi, mpelekee jirani.
Na yeye mpishi, anakula wapi?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kebo shingoni,
mita thelathini, na soketi mbili tu zenye umeme.

Jumamosi, mvua.
Mvua ya Shkodra haijui kupiga hodi.
Baiskeli zikaegemezwa ukutani, zikitiririka,
na waandishi wa msimbo, wa Brno, wa Skopje, wa Porto,
wakajaza safu tatu za mbele, migongo imepinda,
wakizungumza kwa vifupisho.
Nyuma kabisa, karibu na mlango,
watu wetu: mwalimu wa jiografia, muuza dawa,
vijana wa chuo cha ufundi,
na Bi Gjystina, fundi cherehani,
aliyeileta kompyuta yake ndani ya foronya.

Katikati, viti vya kanisa. Safu sita. Vitupu.

Nikajiuliza kama tumeandaa mkutano mmoja
au miwili chini ya paa moja linalovuja.

Saa tano umeme ukakatika, projekta ikafa
katikati ya sentensi ya mtu.
Watu wakainuka kutafuta kahawa.
Meza ya kahawa ilikuwa moja,
na foleni haiulizi nani mtaalamu.

Bi Gjystina akamgusa bega kijana aliye mbele yake,
Vjollca akitafsiri kwa mdomo uliojaa mkate:
"Wewe unayajua haya? Nikichapa ruwaza ya shali,
printa inakata ua la mwisho. Kila shali.
Miaka mitatu namalizia kwa chaki."

Radovan akaweka kikombe chake sakafuni.
Akaiweka kompyuta juu ya farasi wa mbao
ambao watoto huurukia siku za Jumatano,
akapekua, akanyamaza, masikio yakamwiva.
"Ni mimi," akasema. "Mstari huu ni wangu.
Sikudhani kuna mtu anayechapa karatasi ndefu hivi."

Akabaki pale hadi saa nane.
Umeme ulirudi; hotuba yake ikampita,
jina lake likaitwa mara tatu kwenye kipaza sauti.
Bi Gjystina alimsimamia
kama anavyowasimamia wanagenzi wake.
"Na sasa unafanya nini?"
"Natia kiraka."
Neno hilo alilijua.
"Basi kitie kwa ndani, kisionekane."
"Kitaonekana, mama. Na dunia nzima.
Ndivyo kazi hii ilivyo."
Akafikiri kidogo, miwani puani.
"Basi kishone vizuri."

Jumapili usiku tulihesabu viti.
Kimoja cha Ndue hakikupatikana, dhamana ikaenda.
Tunadaiwa leke elfu arobaini.
Kalamu bado zipo, kama kuna anayezitaka.

Vjollca aliikunjua ile karatasi imelowa,
na chini ya jina la anayeogopa mbwa
akaandika, kwa penseli:
*mwakani meza ya kahawa iwe katikati.*
Akaitazama. Akaongeza:
*na isizidi moja.*