Mavi ya Kale

Mji ule ulitoka hapa. Sisemi kwa mafumbo.
Kila daka la Mkomani, kila kidaka cha ukutani,
hata birika na visamaki vyake vinavyokula viluwiluwi vya mbu,
vilikatwa shimoni humu, Maweni, kisiwani Manda,
kwa sururu na kwa mgongo.
Tulilipwa kwa jiwe. Shimo halikulipwa.

Baba alikata miaka kumi na tisa.
Alipoacha, ilibaki sakafu nyeupe
isiyootesha hata magugu;
mjusi akipita, unasikia kucha zake.

Nikamwendea Shekue, mfagiaji wa Njia Kuu,
anayeamka kabla ya adhana kuwahi punda.
"Somoe, mwana wa watu, wataka mavi ya nini?"
"Wewe huyatupa wapi?"
"Ufuoni. Maji yakijaa huyachukua."
"Basi nipe mimi kabla ya maji."

Nahodha wa kwanza alikataa.
Wa pili alitaka kila gunia lilipe nauli ya mtu.
Nikalipa. Abiria hawa, nikamwambia, hawatapiki.

Magunia arobaini kwa wiki.
Makumbi ya nazi, vichwa vya changu, matumbo ya papa,
na vidumu vya njano kutoka choo cha shule ya wavulana:
kimoja cha mkojo kwa kumi vya maji ya kisima.
Huko Langoni nimeshapewa jina. Silitaji hapa.
Asante ya punda, husema, ni mateke.
Mimi mateke nimeyapata kwa wenye viatu.

Mwalimu Famau alivuka kuja kuniuliza habari ya najisi.
Alisimama upande usio na upepo, kanzu ameikunja,
akatazama rundo likifuka moshi bila moto.
"Mkono uoshwe," akasema mwishowe. "Tunda ni halali."
Kisha, akishuka gatini: "Je, mpapai utazaa lini?"

Rundo lina homa, homa njema.
Nilichomeka nondo magharibi,
alfajiri nikaichomoa kwa pupa:
alama ninayo kiganjani mpaka leo.
Kinachounguza mkono ndicho kinachoua mayai ya minyoo.

Mwaka wa kwanza nilikosea.
Sikuyaosha yale matumbo ya papa, yalikuwa na chumvi,
na miche sitini ya mkunazi
ikaungua ncha, ikafa imesimama.
Okech, aliyekuwa bado anakata mawe ukingoni,
hakucheka. Aliteremka na sururu yake
akanisaidia kuing'oa.
"Hapa panataka mti usio na aibu," akasema.

Tukapanda mvinje.
Mvinje hula umaskini, hudondosha majani kama sindano,
lakini sindano zile zililala mwaka mzima
haziozi, haziliwi na mtu.
Ndipo akaja jongoo.
Sijui alivukaje; labda ndani ya gunia, bila nauli.
Akatafuna, na nyuma yake akaacha
vidonge vyeusi kama pilipili manga.
Mavi tena! Nilicheka peke yangu shimoni
mpaka Okech akachungulia.

Mawe yalivuka kwenda, mavi yanavuka kuja.
Herufi mbili tu.

Leo nimechomeka kidole sakafuni kwa baba:
kimezama hadi kifundo cha pili.
Yeye alichimba kimo cha watu watatu,
mimi nimerudisha vifundo viwili.
Hesabu hiyo sijaipeleka mjini.
Wanajenga ghorofa nyingine kule, nasikia, ya wageni.

Mavi ya kale hayanuki: nililelewa kwa methali hiyo.
Nimechota gao moja, nimenusa.
Yananuka, bwana.
Yananuka mvua ambayo bado haijanyesha.

Simu inalia. Ni Shekue, yuko ng'ambo
na magunia kumi na moja,
na nahodha amepandisha nauli.